Asiyeitika na Asiyesikika: Historia ya Ukimya kutoka Ziwa Tanganyika hadi Kompyuta Pepe

Ndani ya kompyuta pepe nyingi za wingu huwekwa programu ndogo iitwayo wakala, ambayo hutuma kwa msimamizi ishara za mara kwa mara kwamba ingali hai. Ishara zikikoma, mara nyingi uamuzi wa kwanza ni kuizima kompyuta nzima na kuiwasha upya. Makala haya yanadai kwamba uamuzi huo huchanganya kufa kwa wakala na kukatika kwa njia ya habari zake, mambo ambayo historia ya safari za Ziwa Tanganyika inatufunza kuyatenganisha.

Mnamo Desemba 1866 watu wa Nzwani waliomtoroka David Livingstone walifika Unguja wakatangaza kwamba ameuawa karibu na Ziwa Nyasa. Wengi waliamini. Mwaka 1867 E. D. Young alitumwa kwa njia nyingine kabisa, kupitia mito Zambezi na Shire, akawahoji wenyeji na kuthibitisha kwamba msafiri alikwisha kupita akiwa hai. Hakuwategemea wale wale walioleta taarifa.

Livingstone alifika Ujiji Machi 1869, na baadaye akalalamika kwamba barua zake hazifiki pwani. Njia ya kuja nayo ilikuwa na kasoro: mfuko wa barua zake wenye tarehe 1 Novemba 1870 ulikwama Unyanyembe hadi Stanley alipoufikisha Ujiji mwaka 1871. Stanley anasimulia kwamba wapagazi walikaa Bagamoyo takriban miezi mitatu, wakaondoka waliposikia balozi wa Uingereza anakuja. Wasimamizi wa mitambo wanaifahamu huduma ya namna hiyo, inayoamka ikikaguliwa.

Novemba mwaka huo wawili hao walipanda kaskazini kwa mtumbwi, wakiambaa mwambao wa Urundi ilipo Rumonge ya leo, hadi mto Rusizi. Burton na Speke walikwisha kuambiwa huko Uvira mwaka 1858 kwamba mto huo huingia ziwani, lakini hawakuufikia, na mjadala ukaendelea Ulaya. Kufika mlangoni kwake kulitosha: maji yaliingia. Jiwe la Mugere, kusini mwa Bujumbura, limeandikwa 25-XI-1871. Baadhi ya wageni hulidhania kuwa mahali wawili hao walipokutana mara ya kwanza, jambo lililotokea Ujiji.

Katika wingu la Azure, wakala huwasiliana na anwani 168.63.129.16. Ukuta wa usalama ukiizuia anwani hiyo, wakala huonekana hayuko tayari ilhali kompyuta inaendelea kuhudumia watu. Ofisi ya Rumonge ambayo kumbukumbu zake ziko Cape Town, kwa mfano, inaweza kukatiwa huduma na msimamizi aliyekusudia kuiokoa, na kuwasha upya hufuta yaliyokuwa kwenye kumbukumbu ya muda, ushahidi wa kasoro ukiwemo. Kwanza iulizwe kama watumiaji wanahudumiwa. Kisha, kwa njia ya pili, kama programu ya wakala inaendeshwa, diski haijajaa, na anwani inafikika.

Istilahi nayo inachangia. Kumwita wakala "asiyeitika" ni kudai kwamba mwito ulimfikia, kwa kuwa haitiki ila aliyeitwa akasikia. "Asiyesikika" huacha wazi kama kasoro iko kwake, njiani, au kwa msikilizaji mwenyewe. Miongozo na mikataba ya huduma za serikali inayoandikwa kwa Kiswahili itumie neno hili la pili hadi ukaguzi wa njia nyingine ukamilike, na ruhusa ya kuzima kompyuta isitolewe kabla ya hapo.