Dawa ya Saratani Kuufikia Uvimbe: Historia Inayopita Nairobi, Dar es Salaam na Dindira

Jitihada za kuifikisha dawa ya saratani kwenye uvimbe wenyewe, pasipo kuutawanya ukali wake mwili mzima, husimuliwa zaidi kwa kutaja maabara za Ulaya, Japani na Marekani, ingawa mojawapo ya majaribio yake ya mapema lilifanyika Nairobi. Mwanzoni mwa miaka ya 1960, katika hospitali iliyokuja kuitwa Kenyatta, Peter Clifford na wenzake waliwatibu wagonjwa wenye uvimbe nyuma ya pua kwa haradali ya nitrojeni, dawa yenye nasaba na gesi ya sumu ya vitani. Kwa kuwa dawa hiyo huisha nguvu ndani ya dakika chache, waliizuia kwa muda damu ya aota, yaani mshipa mkuu utokao moyoni, isishuke chini ya tumbo, ili dawa ibaki sehemu ya juu ya mwili na uboho wa nyonga na miguu usalimike. Njia hiyo ilikuwa nzito kwa mgonjwa, lakini wazo lake lilikuwa sahihi.

Wakati huohuo, huko Babraham karibu na Cambridge, Alec Bangham aligundua kwamba mafuta ya utando wa seli yakitiwa majini hujikunja yenyewe na kuwa vifuko vidogo mno, ambavyo baadaye viliitwa liposomu. Vifuko vya namna hii hupimwa kwa nanomita, ambayo ni sehemu moja ya bilioni moja ya mita. Mwaka 1986 Yasuhiro Matsumura na Hiroshi Maeda wa Japani walieleza kuwa mishipa ya damu inayochipua ndani ya uvimbe huwa na nyufa, hivyo chembe kubwa zinazoshindwa kupenya mishipa mizima huvuja hapo na kukawia. Kilichofanywa Nairobi kwa kuziba mshipa sasa kingeweza kufanywa kwa ukubwa wa chembe peke yake.

Dawa ya kwanza ya aina hiyo kuidhinishwa Marekani, mwaka 1995, ilikuwa doksorubisini, dawa nyekundu yenye asili ya bakteria wa udongo wa Italia, inayojulikana kwa kuudhuru moyo, ambayo safari hii ilifungwa ndani ya liposomu za takriban nanomita 100. Iliidhinishwa kwa ajili ya saratani ya Kaposi kwa watu wenye UKIMWI, na hapo ndipo historia hii inaporejea nyumbani. Saratani hiyo, iliyoelezwa na Moritz Kaposi huko Vienna mwaka 1872, haikuwa ngeni Afrika Mashariki: mwaka 1969 jarida moja la Uingereza lilichapisha taarifa ya wagonjwa 117 wa Tanzania Bara, miaka 14 kabla ya wagonjwa wa kwanza wa UKIMWI kutambuliwa Kagera. Ugonjwa uliokuwa umeandikwa hapa kwa uangalifu mkubwa ukaifungulia mlango dawa ambayo kwa miaka mingi hapa ilibaki adimu. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2014 uliitaja dawa hiyo kwa Kaposi kali kwa sharti la "pale inapopatikana", maneno machache yaliyobeba uzito mkubwa.

Sifa za vifuko hivi zisikuzwe kupita kiasi. Uchambuzi wa mwaka 2016, uliokusanya tafiti za miaka kumi zilizofanywa kwa wanyama wa maabara, ulionyesha kuwa kwa kawaida chini ya asilimia moja ya chembe hizo ndizo huufikia uvimbe, na nyingi hunaswa na ini na wengu. Faida iliyothibitika zaidi ni kuupunguzia moyo madhara.

Nchini Tanzania, Profesa Hulda Swai, aliyefanya kazi Afrika Kusini ya kuzifunga dawa za kifua kikuu ndani ya chembe za nano ili dozi zipungue, aliuleta ujuzi huo katika Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha. Upunguzaji wa dozi una maana ya pekee kwa mahali kama Dindira, kata ya mashamba ya chai katika milima ya Usambara wilayani Korogwe. Dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI, ambazo pia husinyaza Kaposi, ni vidonge ambavyo mgonjwa huweza kurudi navyo nyumbani. Lakini doksorubisini ya liposomu hutunzwa kwenye baridi ya nyuzi 2 hadi 8 bila kugandishwa, na kwa Kaposi hutolewa kwa dripu kila baada ya wiki tatu hivi, mikononi mwa wauguzi waliofunzwa kazi hiyo. Kwa sababu hiyo mgonjwa wa Dindira hushuka mlimani hadi Korogwe, kisha hushika njia ya hospitali ya KCMC, Moshi, au ya Ocean Road, Dar es Salaam, hospitali iliyofunguliwa na Wajerumani mwaka 1897 na kuwa taasisi ya saratani mwaka 1996, na baada ya wiki tatu huianza tena safari hiyohiyo.