Mastaa Wasio na Majina: Walioshika Taa Usiku wa Masasi na Newala

Wadau, leo tunaweka pembeni habari za nani kaachana na nani. Kuna mastaa ambao hakuna page iliyowahi kuwaposti, na bila wao usiku wa kusini ungekuwa stori nyingine kabisa. Ni watu walioshika taa. Majina yao hatuyataji kwa sababu moja tu: hakuna aliyeyaandika.

Kama umewahi kusimama Shimo la Mungu pale Newala jioni, unajua. Ardhi inakatika ghafla mbele ya miguu yako, chini kabisa bonde la Ruvuma, ng'ambo ni Msumbiji. Jua likizama, giza linapanda kutoka bondeni kama maji. Hapo mtu mmoja akiwasha taa, kila mtu anaiona.

Kabla ya betri

Turudi 1906. Mwaka mmoja nyuma, vita vya Maji Maji vilikuwa vimefika Masasi na misheni ya Waingereza ikachomwa. Sasa mtafiti Mjerumani, Karl Weule, anapanda Newala akiwa na kamera ya filamu na mashine ya kunasa sauti. Alitazama unyago, alinasa nyimbo, akarudi kwao kuandika kitabu. Lakini kamera za enzi zile zilikula jua tu. Usiku zilikuwa vipofu. Ngoma za usiku zilimulikwa na moto wa kuni na mbalamwezi, na yule aliyekuwa akichochea kuni ili wenzake wacheze hadi alfajiri, nani anamkumbuka leo?

Ndani ya nyumba kulikuwa na kibatari. Kopo, utambi, mafuta ya taa, na moshi unaokuachia pua nyeusi asubuhi. Kinakuonyesha sahani yako. Ukitaka kujua kilichopo mlangoni, inabidi uende nacho.

Jamaa wa karabai

Kisha ikaja karabai, taa ya pampu. Ile maarufu zaidi, Petromax, ilianza kutengenezwa Berlin mnamo 1910. Unapasha moto, unapiga pampu, mafuta yanageuka mvuke na kuwaka ndani ya kifuko cha kitambaa ambacho kimeshaungua na kubaki majivu yanayong'aa. Ukikigusa tu, kinapukutika.

Ndiyo maana karabai haikuwa ya kila mtu. Kwenye harusi, maulidi au msiba alikuwepo jamaa mmoja ambaye kazi yake ilikuwa kuilea. Mwanga ukianza kuwa wa njano, watu wanamgeukia yeye. Anapiga pampu, mwanga unarudi, shughuli inaendelea. Huyo ndiye alikuwa DJ wa kweli mzee baba! Akisinzia, sherehe imekwisha.

Spotilaiti inaingia mjini

Miaka mingi kusini kulikuwa mbali na Dar kuliko ramani inavyosema. Kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa 2003, mabasi yalisubiri kivuko pale Ndundu, mto Rufiji, na masika ilikuwa ni kulala njiani. Daraja lilipofunguka, mzigo wa Kariakoo ukapata njia nyepesi. Kati ya vitu vya kwenye mabegi ya wafanyabiashara ilikuwemo spotilaiti: tochi kubwa ya kushika kwa mkono, ina mpini kama bunduki ya maji, waya mrefu, na inakula umeme wa betri ya gari wa volti 12.

Wateja walikuwepo. Kuanzia msimu wa 2007/08 korosho za Mtwara zikaanza kuuzwa kwa stakabadhi ghalani. Maana yake ni magunia ya watu wengi yamelala chini ya paa moja yakisubiri mnada, na nje yuko mlinzi na rungu lake. Huyo anahitaji kuona mwisho wa uwanja, sio vidole vyake. Vilevile wakulima wa vijiji vya Masasi na Nanyumbu, jirani na mapori ya akiba ya Msanjesi na Lukwika-Lumesule, ambako tembo wakitoka usiku wanaweza kumaliza chakula cha mwaka mzima kabla jogoo hajawika.

Tatizo la spotilaiti lilikuwa moja. Ilikuwa mlevi wa betri.

Upasuaji mezani

Hapa anaingia staa wetu mkuu: fundi redio. Kila mji unaye. Meza moja, solda, kopo la skrubu, redio inayoongea bila kifuniko. Haulizwi cheti, anaulizwa "itapona?"

Balbu ya spotilaiti ya kawaida ni ya halojeni. Ndani kuna uzi wa tungsteni unaochemshwa mpaka ung'ae. Ya wati 55 inavuta karibu ampea 4.6 na nguvu nyingi inageuka joto. Wakati huohuo magari yaliyotumika kutoka Japani yalikuwa yanashuka na taa nyeupe zenye ubluu kwa mbali, zile za zenoni, ambazo kwenye karatasi zinaitwa HID. BMW ndio walioanza kuziweka kwenye gari lao la 7 Series mwaka 1991. Wati 35 tu, lakini mwanga takriban lumeni 3,000, mara mbili ya halojeni ya wati 55.

Siri yake ni ya zamani kuliko gari lenyewe. Zenoni haina uzi. Ina ncha mbili ndani ya kichupa chenye gesi, na umeme unaruka kutoka ncha moja hadi nyingine. Ni cheche ambayo haizimiki. Humphry Davy alishaonyesha cheche ya namna hiyo London mwanzoni mwa karne ya 19, na baadaye meli za kivita zikaitumia kumulika bahari. Kwa hiyo fundi aliyefungua spotilaiti na kuweka balbu ya zenoni alikuwa anairudisha taa ya meli mkononi mwa mtu.

Kazi yenyewe haikuwa ya kubadilisha balbu tu. Cheche haijiwashi kwa volti 12. Inahitaji balasti, kile kiboksi cha bati, kinachorusha zaidi ya volti 20,000 kwa kitambo kidogo ili iwake. Ukishika waya huo wakati huo, sio poa hata kidogo. Halafu balasti inavuta umeme mwingi ikianza, kwa hiyo nyaya nyembamba na swichi ya zamani vinaungua. Fundi makini aliweka rilei na fyuzi.

Na pale ndipo wazoefu walipojitenga na wababaishaji: cheche lazima ikae palepale uzi ulipokuwa, kwenye kitovu cha ile sahani inayong'aa nyuma. Ikisogea milimita chache, mwanga unatawanyika. Unapata taa kali inayomulika kila kitu na haikuonyeshi chochote.

Tembo hasubiri

Mtaani hesabu ilikuwa tamu: mwanga mara mbili, betri inadumu zaidi. Lakini zenoni ina tabia moja. Ukiiwasha, inachukua sekunde kadhaa kufika nguvu yake yote. Kwenye gari hakuna anayejali. Shambani, saa nane usiku, unasikia mihogo inavunjika hatua hamsini kutoka ulipo, sekunde hizo ni ndefu kuliko kikao cha harusi.

Ndiyo maana taa kali haikuwahi kutosha peke yake. Wanaolinda mashamba wanaitumia pamoja na kelele, honi, na pilipili, na wanakaa wengi, sio mmoja. Taa ilikuwa inasema "tumekuona". Kazi iliyobaki ilikuwa ya watu.

Na kila taa ina upande wa pili. Mwanga uleule uliolinda shamba uliwatumikia pia wawindaji haramu, maana mnyama akimulikwa anaganda, na sheria ya wanyamapori inakataza kuwinda kwa njia hiyo. Zenoni hizohizo zikafungwa kwenye pikipiki bila kupangwa vizuri. Ukipishana nayo kwenye mlima wa kupandia Newala, unabaki unaendesha kwa kumbukumbu.

Wakazimika kimyakimya

Leo tochi za LED zimejaa kila duka. Zinawaka papo hapo, hazitaki balasti, hakuna anayehitaji upasuaji. Balbu za zenoni zimebaki kwenye makopo ya skrubu, na ufundi ule uliodumu miaka michache tu umepita bila hata picha moja ya kumbukumbu.

Lakini mchochea kuni, mpiga pampu na fundi redio walijua kitu kimoja ambacho sisi wa kuposti kila dakika tunasahau. Kuwa na mwanga mkali ni rahisi. Kujua pa kuuelekeza, na nani yuko mbele yake, hiyo ndiyo kazi.

Kwenu alikuwa nani? Mjomba, babu, jirani wa mlango wa tatu? Mpigie usiku huu, muulize, halafu uje utuandikie hapo chini. Huyo akiondoka na stori yake, hakuna wa kuiwasha tena.