Pedi Mbili za Gurudumu Moja

Mjomba alizilaza pedi mbili juu ya gunia kuukuu, uani kwake Hanga. Zote zilitoka gurudumu moja, la mbele kushoto. Ya nje ilikuwa bado nene, karibu kama mpya. Ya ndani ilikuwa imelika hadi chuma, na chuma hicho kilikuwa kimechimba mifereji kwenye diski.

"Ulibadilisha lini?" aliniuliza.

"Miezi minne iliyopita, Mjomba. Kule mjini."

"Waliweka mpya?"

"Mpya kabisa. Niliziona zikitolewa kwenye boksi."

Akatikisa kichwa. "Basi kosa si la pedi."

Siku mbili baadaye nilitakiwa kumpeleka mama hospitali ya Peramiho. Na wiki iliyotangulia nilikuwa nimeteremka Lukumburu na gari hilohilo nikitoka Njombe, ndugu wanne wamekaa nyuma, tunacheka. Niliitazama ile pedi ya ndani na kicheko kile kikanirudia vibaya.

Ninapenda historia, na usiku ule hofu ilinipeleka kwenye historia ya breki. Mwaka 1888, Bertha Benz alisafiri na wanawe wawili kutoka Mannheim hadi Pforzheim, Ujerumani, kwa gari lililobuniwa na mumewe. Njiani vipande vya mbao vya breki vililika. Akamwendea fundi viatu, akamwomba avigongomee ngozi. Kwa hiyo mmoja wa mababu wa pedi zetu ni kipande cha ngozi kilichopigiliwa misumari na mtu aliyezoea kushona viatu.

Mwaka 1902, Mwingereza Frederick Lanchester alipata hataza ya breki ya diski. Wazo lake ndilo tunalotumia leo: sahani inazunguka na gurudumu, vipande viwili vinaibana kutoka pande mbili. Lakini alitumia shaba, na barabara za wakati ule zilikuwa za vumbi na mawe. Shaba ililika haraka, tena kwa makelele. Mwaka huohuo Mfaransa Louis Renault alitengeneza breki ya dramu, nayo ikatawala kwa miongo mingi. Diski ilisubiri hadi mwaka 1953, Jaguar zenye breki hizo ziliposhinda mbio za saa 24 za Le Mans. Miaka miwili baadaye Citroën DS ikazipeleka kwa wanunuzi wa kawaida.

Niliposoma habari za Lanchester na vumbi nilicheka peke yangu. Sisi tunaoishi huku, ambako ukiiacha tu lami vumbi jekundu linakupokea, tunaijua kesi hiyo vizuri.

Asubuhi Mjomba alinionyesha jinsi kesi yetu ilivyotokea. Magari mengi madogo tunayoletewa yakiwa yametumika Japani yana kalipa yenye pistoni upande mmoja tu, wa ndani. Ukikanyaga breki, pistoni inaisukuma pedi ya ndani kwenye diski. Pedi ya nje haina pistoni. Inavutwa na mwili wa kalipa, ambao unateleza juu ya pini mbili zenye grisi. Pini zikikwama, kalipa haitelezi. Pedi ya ndani inabeba karibu kazi yote, ya nje inabaki mtazamaji.

Alishika kalipa kwa mikono miwili akaisukuma. Pini ya chini ilisogea kwa ulaini. Ya juu haikutikisika. Kimpira chake kilikuwa kimechanika, na vumbi lilikuwa limeingia na kuchanganyika na grisi ya zamani hadi ikawa kama udongo mkavu. Aliizungusha kwa spana taratibu, kidogo kidogo, hadi ikatoka.

Hakuishia hapo. Aliirudisha pistoni ndani akahakikisha haigomi, maana pistoni iliyokwama nayo hula pedi ya ndani. Akaukagua mpira wa mafuta ya breki, kwa sababu ukiziba kwa ndani, mafuta huenda yasirudi na gurudumu likabaki limebanwa. Akalinganisha na gurudumu la kulia: pedi zake zilikuwa zimelika sawasawa. "Usiamini kosa la kwanza unaloliona," alisema. "Linaweza kuwa na mwenzake."

Kabla ya kusafisha alilowesha kitambaa. Zamani, aliniambia, walikuwa wanapuliza vumbi la breki kwa mdomo. Kwa sehemu kubwa ya karne ya 20 breki nyingi duniani zilikuwa na asbesto, madini yanayostahimili joto lakini ambayo vumbi lake husababisha saratani. Mafundi wa umri wake walilivuta bila kuambiwa lolote. Alisema hivyo bila kunyanyua uso, akaendelea kufuta.

Kimpira kipya, grisi ya breki inayovumilia joto na diski ya mtumba vililetwa kutoka Songea kwa basi la jioni. Aliisugua pini ikang'aa, akasafisha njia ambamo pedi hukaa, akafunga pedi mpya kushoto na kulia, kwa sababu breki za mbele hubadilishwa kwa jozi. Kisha akaniamuru nikanyage pedali mara kadhaa kabla ya kuwasha gari, hadi iwe ngumu.

Waliobadilisha pedi zangu mara ya kwanza hawakuniuzia bandia. Walibadilisha kilicholika bila kuuliza kimelika kwa nini. Na mimi niliyejiita mpenda historia nililipa, nikaondoka, bila kuomba hata kuziona zile za zamani. Zingenieleza yote.

Tulifika Peramiho kabla ya saa tatu. Mama aliposhuka, nilichuchumaa nikasogeza kiganja karibu na rimu ya kushoto, nikazunguka kwenye ya kulia. Joto lilikuwa moja.

"Limeharibika tena?" mama aliuliza.

"Hapana, mama. Tangulia kwenye foleni, nakuja."