Kesi ya George Zimmerman

Kesi ya jinai iliyosikilizwa Sanford, Florida, Marekani, mwaka 2013. Zimmerman alikuwa mratibu wa kujitolea wa ulinzi wa mtaa. Jioni ya 26 Februari 2012, mvua ikinyesha, alipiga simu polisi kuhusu kijana aliyemshuku, kisha akashuka garini kumfuata. Mpokea simu alimwambia hakuna haja. Muda mfupi baadaye alimuua kwa risasi Trayvon Martin, kijana mweusi wa miaka 17 asiye na silaha, aliyekuwa akitoka dukani na pakiti ya peremende na kinywaji.

Mlinzi wa kujitolea hutakiwa kuona na kutoa taarifa, basi; kufuatilia mtu ni kazi ya polisi. Lakini kukiuka mwongozo huo si kosa la jinai. Baada ya maandamano nchi nzima kuhusu kifo hicho, mwendesha mashtaka maalumu, Angela Corey, alimshtaki Zimmerman kwa mauaji ya daraja la pili mwezi Aprili. Kwa kuwa Zimmerman alidai alijihami, upande wa mashtaka ulipaswa kuthibitisha, bila kuacha shaka ya msingi, kwamba hakuwa akijihami. Jopo la raia 6, wote wanawake, lilimwachia huru 13 Julai 2013.