Chuo Kilivuka, Mwanafunzi Akabaki Ng'ambo

Kijana wa Junju aliyepata C kwenye KCSE anaijua hesabu hii bila kufundishwa. Kuingia chuo kikuu moja kwa moja kunataka C+. Amekosa kidogo tu, basi anaambiwa aanze na diploma halafu "ataunganisha" digrii huko mbele. Neno hilo linatamkwa kirahisi, kama kubadilisha matatu pale Mtwapa. Historia ya elimu Pwani inasema mambo mengine.

Tuanze Mombasa. Mwaka 1951 chuo cha MIOME kilianza kuwafundisha ufundi vijana Waislamu wa Afrika Mashariki, kwa michango ya Aga Khan, Sultani wa Zanzibar, Mabohora na serikali ya kikoloni. Baada ya uhuru milango ilifunguliwa kwa wote, na mwaka 1966 kikaitwa Mombasa Technical Institute. Mwaka 1972 kikawa Mombasa Polytechnic. Mwaka 2007 kikapandishwa kuwa chuo kikuu kishiriki chini ya JKUAT, na 2013 kikapata hati yake: Technical University of Mombasa.

Kilifi nako ni vivyo hivyo. Chuo cha kilimo kiligeuzwa 2007 kuwa chuo kikuu kishiriki cha Kenyatta University, na 2013 kikawa Pwani University. Hata Nairobi ilianzia huko: Royal Technical College ilipokea wanafunzi wake wa kwanza 1956, na 1970 ikawa University of Nairobi.

Unaona mtindo? Kenya imezoea kuvusha vyuo. Majengo yanavuka, jina linavuka, kibao cha getini kinabadilishwa. Lakini mwanafunzi mwenye diploma yake mkononi, yeye anavukaje?

Shida yake ina mizizi. Mfumo tuliorithi kwa Waingereza ulikuwa na njia moja rasmi ya chuo kikuu: kidato cha tano na cha sita. Diploma ilikuwa barabara nyingine kabisa, ya kutoa mafundi na maofisa wa kazini. Haikubuniwa kuwa nusu ya digrii. Mfumo wa 8-4-4 ulipoanza 1985, vidato hivyo viwili vikaondolewa baadaye, ila ukuta ulibaki. Diploma nyingi zilitahiniwa na KNEC, digrii ikawa mali ya seneti ya kila chuo kikuu. Silabasi mbili, wenyewe wawili.

Linganisha na California. Mwaka 1960 jimbo hilo la Marekani liliweka mpango mmoja wa elimu ya juu: vyuo vya jamii vipokee karibu kila mtu, na mwanafunzi anayefanya vizuri humo ahamie chuo kikuu cha jimbo kumalizia digrii. Si kwamba kila mtu huvuka, wengi hukwama njiani. Ila njia yenyewe ilichorwa tangu mwanzo.

Sisi tulianza kuchora baadaye. Sheria ya mwaka 2014 ya mfumo wa kitaifa wa sifa za elimu ilileta ngazi kumi, diploma ikiwa ya sita na digrii ya kwanza ya saba. Ilizungumzia pia kuhamisha alama za masomo kutoka chuo hadi chuo. Kwenye karatasi ni hatua moja tu. Lakini anayeamua kozi ipi uliyosoma itahesabiwa ni chuo kikuu kinachokupokea, kikilinganisha silabasi yako na yake. Kikikataa, unaanza mwaka wa kwanza na vijana waliokuwa shule ya upili ulipokuwa ukiandika ripoti ya atachimenti.

Na mwaka si kitu kidogo kwa familia ya Junju. Ni karo, ni kodi ya chumba Kilifi, ni mdogo wako anayesubiri zamu yake.

Kwa hiyo, kabla ya kulipa karo ya diploma, uliza chuo kikuu unachokitaka: kozi hii mnaitambua, na mtanihesabia nini? Wakijibu, waombe waandike. Lakini tusimwachie kijana mzigo huo peke yake. Kabla ya daraja la Kilifi kufunguliwa 1991, watu walivuka mkono wa bahari kwa feri. Hakuna aliyemwambia msafiri ajijengee daraja lake. Vyuo vyetu vimeshavuka. Sasa viweke makubaliano wazi ya kumvusha na mwanafunzi.