Beni na Bendi: Neno Moja Lililoingia Mara Mbili

Kiswahili kina beni na kina bendi. Asili ya maneno haya ni neno moja la Kiingereza, lakini hayakuingia kwa mlango mmoja. Mtu asiseme kwamba d iliangushwa katika beni kwa sababu ulimi wa Mswahili haukuiweza. Tunasema penda, shinda na kanda bila taabu yoyote. Kwa maoni yangu, beni lilipokewa kwa sikio, vinywani mwa watu ambao d yao ya mwisho haikusikika. Bendi lilikuja baadaye, kwa njia ya maandishi na shule.

Beni yenyewe ilizuka katika miji ya Lamu na Mombasa miaka ya 1890. Vijana walioziona bendi za kijeshi walijipatia tarumbeta na ngoma kubwa, wakashona sare, wakapeana vyeo. Hawakuwa wapigaji wa kulipwa. Mchana walikuwa makarani, wapishi na wapagazi; jioni walikuwa makapteni na majenerali. Walichangishana, walizikana, na zaidi ya yote walishindana. Huko Tanganyika vyama vya Marini na Arinoti vilikuwa na matawi mji hadi mji. Vita vya 1914-1918 vikawasomba askari na wapagazi, nao wakaifikisha beni Nyasaland, Rhodesia ya Kaskazini na Katanga. Pasipopatikana ala za shaba, watu walipuliza vibuyu. Ndiyo malipenga ya Malawi.

Je, huu ulikuwa uigaji mtupu? Watawala wengi waliona hivyo, isipokuwa pale walipoingiwa na hofu. Terence Ranger, aliyefundisha historia Dar es Salaam katika miaka ya 1960, alilikataa wazo hilo katika kitabu chake cha 1975 juu ya beni: mashindano ya mitaa na vyama vya ngoma yalikuwapo pwani kabla ya tarumbeta ya kwanza ya Mzungu. Mimi si mwanahistoria, lakini naona sarufi inamuunga mkono. Tazameni vitenzi. Bendi hupiga muziki, na wengine husikiliza au hucheza. Beni huchezwa, kama lelemama inavyochezwa. Mpulizaji, mwimbaji na anayeandamana nyuma wote wanacheza beni. Hata tarumbeta, ambayo uhai wake ni pumzi, twasema inapigwa, kana kwamba ni ngoma. Neno ni la kigeni, ila kitenzi kilichotangulia kuwapo ndicho kilicholipangia kazi.

Kadhalika kingi. Lugha iliyokuwa na mfalme na sultani ilihitaji kingi kwa nini? Mwaka 1984, nikiwa mwanafunzi, niliketi na mzee mmoja wa Lamu aliyepata kuicheza beni ujanani. Nilipomuuliza, alicheka. "Mwanangu, mfalme huzaliwa. Kingi tulimchagua, na akishindwa twamtoa." Kisha akanitajia vyeo vyote vya chama chake, kimoja kimoja, kuanzia juu hadi mbeba bendera. Wakati ule nilikuwa nikitafiti kauli ya kutendesha. Daftari langu lina sentensi zake thelathini na saba zenye viambishi nilivyovitaka. Cheo nilichoandika ni kingi tu.