Kiti cha Shangazi: Binti na Baraza katika Milima ya Masisi

Mushaki, kilima kilichoko mashariki ya Kongo, kwenye njia itokayo Sake kupanda Masisi, kimejulikana na walimwengu kwa habari za vita tu, tangu Desemba 2007, majeshi ya serikali yalipopigana na waasi wa Laurent Nkunda, hata Februari 2023, kilipotwaliwa na waasi wa M23. Walakini nchi hii ina tarikhi nyingine, ya binti na haki yake ya kusema barazani.

Katika Walikale, kwa Wanyanga, majirani wa Wahunde wa Masisi, kuna hadithi ya Mwindo, ambayo manju Rureke alimsimulia Daniel Biebuyck mwaka 1956, nayo ikapigwa chapa mwaka 1969 kwa msaada wa Kahombo Mateene. Wasomaji wengi humsifu Mwindo mwenyewe. Mimi moyo wangu huvutwa na shangazi yake, Iyangura, dada wa mfalme Shemwindo, ambaye alimpokea mtoto aliyetupwa na babaye, akafuatana naye hata Tubondo, kijijini kwa Shemwindo, na baraza lilipokutana akakaa mbele ya umma pamoja na nduguye na mpwawe, akamlaumu nduguye hadharani kwa dhuluma aliyoitenda. Mwanamke huyu aliozwa mbali, kwa Mukiti wa majini; na hata hivyo ndoa haikumvua madaraka yake ya ubinti, kwa kuwa neno lake nyumbani kwa babaye lilibaki na uzito ule ule. Simfichi msomaji upande wa pili: Shemwindo huyo huyo aliwaamuru wake zake wazae mabinti watupu, kwa tamaa ya mahari, na mtoto wa kiume auawe. Basi ada hiyo hiyo iliyompa shangazi kiti ndiyo iliyomhesabu binti kuwa mali, na atakaye kuisifu ada ya kale hana budi kuyasema yote mawili.

Serikali ya Wabelgiji haikukiona kile kiti. Tangu mwaka 1937 ilihamisha jamaa nyingi kutoka Rwanda hata Gishari, katika Masisi. Huko, katika mashamba ya walowezi, mkataba wa kazi uliandikwa kwa jina la mwanamume. Na shuleni wavulana walifunzwa ukarani, hali wasichana aghalabu walifunzwa kushona, kupika na kulea. Sidharau kushona, ila msichana aliyefundishwa sindano peke yake hakufundishwa kusimama mbele ya watu akatoa hoja. Hata katika uchaguzi wa Mei 1960, ule uliotangulia uhuru, wapiga kura walikuwa wanaume tu.

Baadaye mlango ukafunguka kidogo kidogo. Sophie Kanza alihitimu Chuo Kikuu cha Lovanium mwaka 1964, na mwaka 1966 akawa mwanamke wa kwanza kuwa waziri katika Kongo. Katiba ya 1967 ikawapa wanawake kura. Lakini sheria ya jamaa ya mwaka 1987 ilimtaka mke apate idhini ya mumewe kabla ya kufunga mkataba au kusimama mahakamani, na sharti hilo halikuondolewa ila mwaka 2016. Nalitaja kwa uchungu, maana katika muda wa miaka ishirini na tisa binti wa Masisi aliweza kuzaliwa, kukua na kuolewa huku sheria ikimwambia kwamba sauti yake ni ya kuazima.

Kazi ya kumrudishia sauti hiyo imefanywa zaidi na wanawake wenyewe kuliko na Kinshasa. Katika mji wa Goma, Immaculée Birhaheka na wenzake waliunda shirika la PAIF, kuwatetea wanawake. Na mji huo huo una Bunge la Watoto, ambamo wasichana huzoea kuomba nafasi ya kusema, kupinga na kupingwa. Mazoea hayo ndiyo mwanzo wa uongozi, nayo yataka umri wa kuanzia miaka kumi na miwili, hivi. Hapo, mtoto anapofikia sekondari, ndipo penye shida: tangu Septemba 2019 shule za msingi za serikali zimefutiwa karo, lakini sekondari bado hulipiwa, na mzazi wa Mushaki aliyekimbia vita akaacha viazi na maharagwe shambani, akiwa na fedha ya mtoto mmoja, mara nyingi humpeleka wa kiume.